Miguu Kumi na Tisa ya Mti

Shangazi hakuwa mtu wa kununa. Mtu wa kununa hujifungia ndani na kusubiri aulizwe kulikoni. Shangazi akikasirika husema, husema mbele yako, na kwa sauti ambayo jirani wa nyumba ya tatu hana haja ya kutega sikio. Kwa hiyo mdogo wake alipotimiza miaka miwili tangu aondoke kwenda kuhubiri, na wanakwaya wenzake Shangazi wakamwuliza kama bado ana kinyongo, aliwajibu papo hapo: "Kinyongo? Kinyongo ni cha watu wapole. Mimi nina hasira, tena nimeilisha vizuri, imenenepa."

Hasira hiyo ilianzia mguuni, kwa hiyo ngoja tuanze na mguu.

Alipokuwa na miaka minne alishikwa na ugonjwa uliomlaza mwezi mzima. Alipona, ila mguu wa kushoto ulikataa kukua sawa na mwenzake, na alipofika utu uzima ulikuwa umepungua kwa vidole vitatu. Ukivilaza vidole vitatu juu ya meza utasema, ah, hicho nacho ni kitu? Ni unene wa kipande cha sabuni. Haya, tembea basi maisha yako yote mguu mmoja barabarani na mwingine mtaroni, halafu uje utuambie kiuno chako kinasemaje.

Aliyempatia dawa ni mdogo wake. Wazazi walikwisha kufa, Shangazi ana miaka kumi na tisa na kibarua cha kupiga pasi shuka za hospitali, mdogo wake ana miaka kumi na miwili na anamtegemea yeye kwa kila kitu. Siku moja yule mtoto akaokota tairi bovu, akalikata vipande, akavigongelea chini ya kandambili ya dada yake, akamwambia, "Simama, Dada." Akasimama. Akaenda hadi mlangoni, akarudi, na bega halikushuka hata mara moja. Akaangua kilio. Mtoto wa watu akadhani misumari imemchoma, akaanza kuomba radhi.

Kuanzia siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Shangazi alimpeleka kwa mshona viatu akajifunze, akampikia, akamfulia, akamwozesha, na mtaa mzima ukamwita Fundi. Viatu vya kawaida alitengeneza kama kila mtu. Lakini watu walikuja kutoka mbali kwa sababu ya viatu vya miguu isiyolingana, maana hapo hakuwa na mpinzani. Wengine hukugongelea soli nene tu, wakakwambia nenda zako. Fundi alikuwa hafanyi hivyo. Kila mteja alimchongea mguu wa mti, yaani kalibu, nakala ya mguu wake mwenyewe, na kila uvimbe na kila kidole kilichopinda mahali pake. Ngozi ya kiatu huvutwa juu ya kalibu hiyo mpaka ishike umbo. Bila kalibu unashona mfuko.

Na kupima kwake je? Unasimama peku, unampa mgongo. Anaweka vibao vyembamba chini ya mguu mfupi, kimoja juu ya kingine, kisha anapiga magoti nyuma yako, vidole gumba viwili juu ya mifupa ya nyonga, jicho moja kafumba. Anaongeza kibao. Anapunguza. Halafu anasema, "Hapo." Na kweli, hapo ndipo hapo. Kisha anaandika kwa penseli kwenye kisigino cha kalibu jina lako na vidole vyako.

Kalibu kumi na tisa zilining'inia ukutani katika chumba cha mbele, juu ya benchi lake la kazi. Ya kwanza kushoto ilikuwa imeandikwa: Dada, vidole vitatu. Wateja wakiingia walikuwa wakitania, kabla hata ya kumwamkia mwenye nyumba: "Mguu wangu haujambo?" Naye Fundi hujibu, "Haujambo, ila umekulalamikia kwa kuuchezesha dansi."

Sasa akaja Mzee Turubai.

Jina hilo alipewa kwa sababu alifika na lori na turubai kubwa la bluu, akalisimamisha kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa, akahubiri siku tisa mfululizo. Shangazi mwenyewe alihudhuria siku zote tisa na kuimba sauti ya pili, maana, tuelewane, Shangazi hakuwa na ugomvi na Mungu. Siku ya tisa Mzee Turubai akauliza ni nani atakwenda ng'ambo ya mto mkubwa, kwa watu ambao hawajasikia. Fundi akasimama.

Jumatano yake saa kumi alasiri alimwita dada yake, wakakaa chumba cha mbele, yeye, Shangazi na mkewe. Mke wa Fundi ni mwanamke wa maneno machache. Ndiye aliyekuwa akishona ngozi za juu kwa mashine, na siku hiyo pia alikuwa na kipande cha ngozi mapajani, akikipapasa bila kukitazama.

"Dada, nimeitwa," Fundi akasema.

"Umeitwa na nani?"

"Na Bwana."

"Uende wapi?"

"Ng'ambo. Kwa watu wasiosikia."

"Na hawa wanaosikia," Shangazi akasema, "wanaokuja hapo mlangoni kila siku na hodi Fundi, hodi Fundi, hawa wewe huwasikii?"

Fundi aliinamisha kichwa. Hakuwa mwongo wala mtu wa kujionesha, na hapo ndipo ilipouma. Afadhali angekuwa tapeli! Tapeli Shangazi angemjulia. Angemshika ukosi akamwambia tapika. Lakini mdogo wake alikuwa amekonda kwa wiki moja, macho mekundu, na aliposema, "Nikikataa, Dada, nitakuwa maiti inayotembea," sauti ilimkatika kweli.

"Na mkeo? Na hawa wasichana wako wawili?"

"Watabaki hapa mpaka nipate pa kuwaweka. Kanisa limeahidi kuwaangalia."

Shangazi akamgeukia mke wa Fundi. "Wifi, umekubali?"

"Aliniuliza baada ya kusimama," mke wa Fundi akasema. "Sikujua kama hilo lilikuwa swali."

Shangazi alijikaza. Alimlea huyu, alijua wapi anapindika na wapi hapindiki. "Nenda," akasema mwishowe. "Siwezi kukufunga kamba. Lakini kabla hujaenda, ama umfundishe mkeo, ama umtafute fundi umkabidhi kazi. Watu kumi na tisa usiwaache hewani."

"Bwana atatoa," Fundi akasema. Shangazi, masikini, akalichukua neno hilo kuwa ndiyo.

Kanisa lile lilikuwa na desturi yake kwa watu wanaotumwa. Waliiita kufunga mlango wa nyuma. Jumapili ya mwisho moto unawashwa uani, na kila anayekwenda anatia humo kitu kitakachomvuta arudi. Mkulima mmoja aliwahi kutia mpini wa jembe. Dereva mmoja alitia leseni yake kwa shangwe kubwa, watu wakalia machozi, na baada ya miezi sita akaonekana anaendesha lori la mchanga, kumbe alichoma jalada tu. Jumapili ya Fundi, Mzee Turubai alisimulia habari za yule mkulima aliyeitwa na nabii, akachinja ng'ombe wake na kuwapika kwa kuni za jembe lake mwenyewe, akaondoka asitazame nyuma. Kisha akampungia Fundi mkono, na Fundi akaja na gunia.

Shangazi alikuwa benchi la mbele, kwa ajili ya mguu. Alidhani ni mabaki ya ngozi. Fundi akaingiza mkono, akatoa mguu wa mti, akautia motoni. Akatoa wa pili. Kwaya ikapaza sauti.

"Wee!" Shangazi akapiga ukelele. "Hiyo si yako! Hiyo ni miguu ya watu!"

Hakuna aliyesikia, au tuseme hakuna aliyetaka kusikia. Akainuka akaenda. Wamama wawili wenye tepe begani wakamshika huku na huku. "Tulia mama, usimzuie Roho," mmoja akamnong'oneza, na Shangazi akamjibu, "Roho hajawahi kuvaa kiatu, niache nipite." Akajichomoa. Akafika, akapeleka mkono ndani ya moto kama anayetoa chungu jikoni, akavuta wa kwanza uliomjia, akaugeuza asome. Mwalimu, vidole viwili. Haukuwa wake. Wa kwake aliuona pale chini, kisigino kimekwisha kushika, penseli inafutika. Watu wakapiga makofi. Walidhani naye ameguswa.

Baada ya ibada alimkuta mdogo wake bombani, ananawa majivu. Kiganja chake mwenyewe kilikuwa kimetoka malengelenge, na hakukificha.

"Yule mkulima alichoma jembe lake," akamwambia. "Ng'ombe walikuwa wake. Alichoma vya kwake, unanisikia? Wewe umechoma vya nani?"

"Dada, nisingeweza kuziacha. Kila nikizitazama pale ukutani zilikuwa zinaniita."

"Zilikuwa zinakuita, ndiyo! Hao ndio waliokuwa wanakuita, mpumbavu wewe!"

Hakuwa amewahi kumwita mpumbavu, hata alipokuwa mtoto na akavunja dirisha la jirani. Fundi alifunga bomba, akaondoka. Jumanne akapanda lori la Mzee Turubai na begi moja. Patasi, tupa na kisu, kwa kuwa chuma hakiungui, alikuwa amevigawa kwa seremala wa mtaa wa pili.

Basi, jamani, wakaanza kuja. Hodi Fundi. Mke wa Fundi anafungua, anawaambia Fundi hayupo. Anarudi lini? Harudi. Ala! Na mguu wangu uko wapi? Mwanamke yule aliwajibu watu kumi na wanane jambo hilo hilo, mmoja mmoja, mlangoni, watoto wamemshika sketi. Mwalimu mstaafu peke yake ndiye aliyepata kitu: Shangazi alimpelekea kalibu yake iliyoungua kisiginoni, akaipokea kwa mikono miwili. Mwuza mayai, ambaye alikuwa akizunguka na trei zake mtaa hadi mtaa, alikaa kwenye kizingiti akashika tama nusu saa nzima. Kanisa lililoahidi kuangalia lilikuja mara moja, likaomba, likaondoka.

Shangazi naye kiatu chake kilikuwa na umri wa miaka miwili tayari. Kazi ya kupiga pasi hospitalini ni kazi ya kusimama: meza ndefu, mvuke mpaka darini, shuka inakuja, unainyoosha, unapiga, unakunja, inakuja nyingine, kwa muda wa saa nane. Baada ya miezi minne soli ikaachia. Mshona viatu wa sokoni akamgongelea kipande cha mpira, kikamtupa upande kama mlevi. Akavaa kandambili. Bega likaanza kushuka kama zamani, nyonga ikawaka moto, na akawa anaegemea meza kwa tumbo ili apumzishe mguu. Shuka moja ikaungua. Ya pili ikaungua.

Msimamizi wa chumba cha kufulia, bwana mmoja mwenye kalamu sikioni saa zote, hakuwa mtu mbaya. Alimweka achambue shuka chafu, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kazi ya damu na matapishi, ambayo hupewa wageni. "Nakushikia nafasi yako mezani mpaka mwisho wa mwaka," akamwambia. "Ukiweza kusimama, sawa. Ukishindwa, mama, sina la kufanya." Miaka ishirini na tisa amesimama kwenye meza ile. Alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kwa kushikilia kuta, na kila ukuta aliupa maneno aliyokuwa akimwekea mdogo wake.

Alipitiliza kwake, akaenda moja kwa moja kwa mke wa Fundi. "Ulijua?" akamwuliza akiwa bado mlangoni. "Niambie leo. Ulijua kuhusu gunia?"

"Nilijua anakwenda," mke wa Fundi akasema. "Gunia alilifunga mimi nipo kisimani. Niliporudi nikaona ukuta." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Shangazi amfahamu, akapandisha sauti. "Unakuja kunigombeza mimi, wifi? Mimi ameniacha na nini? Ameniacha na misumari kumi na tisa ukutani!"

Shangazi alimtazama. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, na hasira yote aliyokuja nayo ikageuza uso, ikatazama ilikostahili kutazama. "Patasi ziko wapi?" akauliza.

Kesho yake walikwenda kwa seremala. Mke wa Fundi aliomba kwa upole. Shangazi alisimama nyuma yake bila kuomba chochote, na seremala akatoa patasi, tupa, kisu, na gogo la mti mgumu juu yake.

Kiatu cha kwanza kilikuwa kichekesho. Shangazi alilala kitandani, wifi yake akapima miguu kwa kamba, wakachonga, wakashona, wakaunda. Alipokivaa alikwenda mbele kama aliyesukumwa, akamkumbatia Mungu anajua nani, kumbe kabati. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Cha pili kilimbana kikamtoa damu. Ndipo Shangazi akakumbuka. "Tumekosea toka mwanzo," akasema. "Yeye hakuwahi kumpima mtu amelala. Leta vibao. Piga magoti nyuma yangu. Gumba hapa, na hapa."

Mke wa Fundi akapiga magoti. Akaweka vibao vya vidole vitatu, akafumba jicho, akakaa hivyo muda mrefu. "Wifi, naona kama bado," akasema.

"Bado nini? Ni vitatu. Vimeandikwa vitatu tangu nikiwa msichana. Mguu wa mtu mzima unapunguaje? Chonga."

Akachonga. Kiatu cha tatu kikatembea. Wiki mbili kabla ya mwisho wa mwaka Shangazi aliingia chumba cha kufulia, akamwondoa binti aliyekuwa mahali pake, akashika pasi. Msimamizi alitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. Jioni nyonga ilikuwa bado inamsumbua kidogo, lakini hilo hakumwambia mtu.

Habari zikaenea. Mwalimu alikuja na kalibu yake iliyoungua. Wakaja wengine. Mke wa Fundi alichonga mchana watoto wakiwa shuleni, Shangazi akija kutoka kazini alishika msasa na kumfokea kila mteja asimame wima. Katika mwaka mmoja misumari kumi na mmoja ikapata miguu. Minane ilibaki mitupu, maana mikono ni miwili na mti ni mgumu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Fundi aliporudi, kwa likizo ya wiki moja, kutoa ushuhuda.

Alifika Jumamosi, mweusi kwa jua, mwembamba, na kicheko cha aibu. Wasichana wake walimpa mkono kama mgeni. Alisimama chumba cha mbele, akatazama ukuta, akatazama benchi, akatazama mikono ya mkewe iliyojaa sugu.

Kesho yake kanisa lilijaa mpaka madirishani. Alihubiri vizuri, tusimnyime haki yake. Alisimulia kanisa la miti na nyasi, watu waliobatizwa, mto uliofurika. Kisha akafika pale ambapo Mzee Turubai, aliyekaa nyuma yake, alikuwa akimsubiri afike.

"Nilichoma kalibu kumi na tisa hapo nje," Fundi akasema. "Watu waliuliza, hawa watatembeaje? Ndugu zangu, mtazameni dada yangu. Ameingia humu leo kwa kiatu ambacho mimi sikukitengeneza. Nani ametoa?"

"Bwana!" watu wakaitikia.

Akanyoosha mkono. "Simama, Dada."

Maneno yale yale. Shangazi akahisi damu inampanda mpaka masikioni. Akasimama.

"Nimesimama," akasema, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Mnaniona? Sasa tazameni kule nyuma, karibu na mlango. Yule mwenye kitambaa cha kijani ni mke wake. Hakuna aliyemwimbia huyo. Hakuna aliyemwashia moto. Aliyenisimamisha ni yeye, amejikata vidole mara ngapi sijui. Mnasema Bwana ametoa. Bwana hutoa kwa mikono ya watu. Mikono aliyoitoa kwanza ilikuwa yako, mdogo wangu, na kazi yake ukaitia kiberiti, na nyinyi nyote humu mkaimba!"

"Tuombe," Mzee Turubai akasema akiinuka.

"Tuombe, ndiyo, lakini sijamaliza. Watu kumi na mmoja wamepata viatu. Wanane hawajapata. Mwuza mayai yuko ndani tangu mwaka juzi, anauza kupitia dirishani. Mkitaka ushuhuda, nendeni mkamwimbie yeye, mwone kama atacheza." Akachukua mkoba wake. "Sasa nimemaliza. Ombeni."

Akatoka katikati ya kanisa, na katika kimya kile kila mtu alisikia kiatu chake kirefu kikigonga sakafu.

Saa nane mchana Fundi alibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Mkewe alikuwa benchini. Shangazi alikuwa amekaa karibu na dirisha na msasa mkononi, ingawa ilikuwa Jumapili. Hakuna aliyemkaribisha, kwa hiyo akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Kuna mama mmoja kule," akaanza, akitazama sakafu. "Anatembea na fito. Mguu umepungua kiganja kizima. Nimemwombea mwaka mmoja na nusu. Kila Jumapili anakuja wa kwanza, anakaa mbele, ananitazama. Najua kiatu chake, Dada. Usiku nakiona, najua hata mshono wake. Na sina patasi." Akakohoa. "Nilikuja kuomba mnigawie vifaa kidogo."

Shangazi aliweka msasa chini polepole. Unaweza kudhani angemwonea huruma. Thubutu!

"Kwa hiyo kule umenikuta mimi," akasema. "Umevuka mto, umeacha mke na watoto, umetembea mpaka mwisho wa dunia, ukamkuta huko mwanamke mwenye mguu mfupi, na huna kitu mkononi. Na bado hujaelewa ulichoitiwa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Patasi hizi ni za mkeo. Mwombe mkeo."

Fundi akamgeukia mkewe. Mke wa Fundi aliendelea kusugua ngozi kwa muda, kisha akasema bila kuinua macho: "Una wiki moja. Misumari minane iko ukutani. Ukimaliza hiyo, tutazungumza habari ya mama huyo. Na habari yangu pia, kwa sababu safari hii utaniuliza kabla ya kusimama."

"Nianze na nani?"

"Anza kwa kupima," Shangazi akasema. "Tuone kama unakumbuka." Akavua viatu, akasimama peku katikati ya chumba, akampa mgongo.

Fundi akapiga magoti. Akaweka vibao, kimoja, cha pili, mpaka vidole vitatu. Vidole gumba vyake vikapata mifupa ya nyonga bila kutafuta. Akafumba jicho. Shangazi alisubiri aseme "Hapo." Hakusema. Akaongeza kibao. Akaongeza kingine, na kingine, na mwili wa Shangazi ukatulia mahali ambapo haukuwa umetulia kwa miaka miwili, yale maumivu ya jioni yakaachia kama fundo linalofunguliwa.

"Hapo," Fundi akasema, kwa sauti ndogo mno.

"Vingapi?"

Fundi alivihesabu vibao tena.

"Nimekuuliza vingapi."

"Vidole vinne, Dada. Nyonga imepinda. Umetembea bila kiatu muda mrefu."

"Nilihisi siku ile nilipokupima," mke wa Fundi akasema kutoka benchini. "Nikakwambia bado, wifi."

Shangazi hakugeuka. Alisimama juu ya vibao vile, wima, akitazama ukuta wenye misumari minane, na mdogo wake nyuma yake amepiga magoti analia, anaomba radhi kama siku ile alipodhani misumari imemchoma dada yake.

"Vitatu nilipewa na ugonjwa, sikumlaumu mtu," akasema. "Hicho cha nne ni chako. Chukua penseli uandike."